Godoro la Ofisini: Kisa cha Nyumba Salama Moja Dar es Salaam

Kisa hiki kilitokea katika nyumba salama inayopokea wanawake wanaokimbia vipigo. Sitaitaja nyumba wala mtaa ilipo, kwa sababu usalama wa waliomo unategemea waume na kaka zao wasiijue. Mambo machache kuhusu wahusika nimeyabadilisha. Niliitwa baada ya tukio kuongoza kikao cha tathmini, na haya ninayoandika nimeyapata kwa waliokuwepo, kwa daftari la mapokezi, na kwa wakazi wenyewe nilipoketi nao. Hukumu ni yangu. Ninaandika kama mfeministi radikali, yaani naamini mfumo dume ni mzizi unaojitegemea, na kwamba mwili wa mwanamke, kazi yake na uzazi wake ndivyo vinavyonyang'anywa kwanza kabla ya chochote kingine.

Usiku

Ilikuwa inakaribia saa tano. Bajaji ilisimama getini, akashuka mama mmoja mwenye saluni upande wa Buguruni, amemshika mtu mkono. Mtu huyo, nitakayemwita mgeni, alikuwa amevaa dera lililoloa damu kifuani. Jino moja la mbele lilikuwa limeng'oka na mkono wa kushoto umevimba kuanzia kiwiko. Alizaliwa mwanaume. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiishi na kujitambulisha kama mwanamke, akisuka nywele kwenye saluni ya mama huyo. Kaka zake wawili walimwita nyumbani kwa baba yao kwa kisingizio cha kikao cha ukoo, wakamfungia chumbani, wakamnyoa kwa nguvu na kumchapa kwa waya wa umeme, wakisema wanamrudisha kwenye uanaume wake. Alitoroka walipotoka kwenda kutazama mpira.

Ukutani kwenye mapokezi kuna kanuni zilizoandikwa kwa kalamu nene: wanapokelewa wanawake na watoto wao, mtoto wa kiume mwisho miaka 12. Dada wa zamu alimpigia matroni, simu haikupokelewa. Akamuuliza mama wa saluni kama wameshafika polisi. Hawakuthubutu. Njia ya kawaida ni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, upewe PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, kisha hospitali. Mgeni aliogopa kwamba akifika kaunta, habari ya kipigo itaachwa na itaanza habari yake yeye. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu tendo la ngono linaloitwa kinyume cha maumbile na hakisemi lolote kuhusu dera wala kusuka nywele, lakini adhabu yake inaanzia miaka 30 jela na kufika maisha, na mtu aliyevunjwa mkono hawezi kusimama kituoni akitoa ufafanuzi wa vifungu. Wengi pia hawajasahau Oktoba 2018, pale mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga. Serikali ilisema ule ulikuwa msimamo wake binafsi, ila watu walikwisha kuogopa.

Ndani walikuwa wamelala wanawake tisa na watoto. Mmoja wao alikuwa ameletwa wiki hiyo baada ya kufanyiwa na mumewe, pamoja na rafiki wa mumewe, jambo ambalo sitalieleza hapa. Alisikia sauti nzito getini. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mwili mzima unatetemeka, anarudia swali moja: "Nani amemfungulia mwanaume?" Wa kitanda cha jirani alichungulia dirishani akasema, "Huyo mbona namjua, si ndiye aliyenisuka kipindi kile cha Idi." Aliyekuwa akitetemeka hakutulia kwa kuambiwa hivyo, na sioni kwa nini tungetegemea atulie.

Dada wa zamu alifanya alichoweza. Chumba cha ofisi kiko kando ya geti, uwanja unakitenga na nyumba kubwa, na kina choo chake. Akatandika godoro humo, akamsafisha majeraha, akampa dawa ya maumivu, akamfunga mkono kwa khanga. Mlinzi, ambaye ni mwanaume, akaambiwa akae upande wa barabara. Usiku ukaisha hivyo.

Mvutano

Matroni alifika saa moja asubuhi. Mgeni akamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akaitika, akamtazama mkono, akaagiza aletewe uji. Kisha akaingia kwenye kikao cha wafanyakazi akasema bwenini hapana, hata kwa usiku mmoja.

Hoja zake nataka nizieleze kwa uzito wake, kwa sababu nimewasikia vijana wakizifupisha kuwa chuki, na huko ni kumkosea heshima. Mama huyu ameanza kazi hii tangu miaka ya 1990, enzi ambazo mke aliyepigwa aliambiwa na mjumbe arudi akapike. Anakumbuka mwaka 1990, mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipojiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wa kiume, na jinsi wanawake wa TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichokuwa na umri wa miaka mitatu tu, walivyobeba hasira ya nchi. Anakumbuka kampeni ndefu iliyozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kwake nyumba ya wanawake peke yao haikudondoka kutoka mbinguni. Watu waliipigania, na bado kila mwaka anaulizwa na wafadhili kwa nini wanaume hawahudumiwi.

Hoja yake ya msingi ni kwamba ukatili unamfuata mwanamke kwa njia ya mwili aliozaliwa nao. Ukeketaji haumuulizi mtoto anajihisi nani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi huku mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019, na kinachopimwa pale ni umbo la aliyezaliwa. Tangu kauli ya rais ya Juni 2017 kule Chalinze hadi katazo lilipoondolewa Novemba 2021, msichana aliyepata mimba alifungiwa shule ya umma, na mvulana aliyempa mimba hakuna aliyemkagua tumbo. "Haya yote," alisema matroni, "yanamkuta aliyezaliwa mwanamke, apende asipende. Na hapa ndipo mahali pekee anapolala bila kusikia sauti ya mwanaume."

Aliyempinga ni mwanasheria kijana wa nyumba hiyo hiyo, na yeye pia anajiita mfeministi radikali. Alisema kaka wale hawakumpiga mgeni kwa bahati mbaya. Walimpiga kwa kosa la kutoroka kwenye cheo. Mfumo dume unamwadhibu mwanamke asiyetii, na unamwadhibu kwa ukali ule ule mwanaume anayekataa nafasi aliyopewa juu ya mwanamke, kwa sababu akiachwa, itaonekana kwamba nafasi hiyo si ya kuzaliwa nayo. Akaleta mfano wa nyumba ntobhu kule Mara, ambako mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake na kushika nafasi ya mume, ili kuonyesha kwamba jamii zetu zimewahi kutenganisha nafasi na mwili. Matroni akamjibu pale pale: na anayezaa katika nyumba ntobhu ni nani? Ni binti wa watu, mara nyingi maskini, na watoto ni wa nyumba ya mwingine. Jibu hilo lilikuwa zuri, na mwanasheria alilikubali kwa kichwa bila kuacha hoja yake.

Kila mmoja alidai ndiye anayesimama na ufeministi radikali wenyewe. Historia inawaruhusu wote wawili. Andrea Dworkin, mfeministi radikali wa Marekani ambaye hakuna anayeweza kumwita mlegevu, aliandika mwaka 1974 kwamba mtu anayetaka kubadili mwili wake ana haki ya kusaidiwa na jamii kufanya hivyo. Miaka mitano baadaye, 1979, Mmarekani mwenzake Janice Raymond aliandika kinyume kabisa, kwamba mwanaume anayedai uanamke anauteka. Mwanasheria Catharine MacKinnon, aliyefanya kazi bega kwa bega na Dworkin dhidi ya ponografia, amesimama upande wa kuwatambua wanawake waliobadili jinsia. Wote hao wanaiona jinsia kama ngazi iliyojengwa ili wengine wapande juu ya wengine, na wote wanataka ivunjwe. Wanapishana juu ya mtu anayeshuka kutoka vipandio vya juu: je, anaitikisa ngazi, au anaingia nayo kwenye nyumba ya waliokanyagwa? Anayekuja Dar es Salaam na kutuambia kwamba ufeministi radikali una jibu moja la swali hili ametupa nusu ya kitabu.

Katikati ya kikao mtu mmoja aliuliza kama mgeni "amefanyiwa upasuaji." Hapo nasimama kidogo, kwa sababu naliona swali hilo kuwa la hatari kuliko yote yaliyosemwa. Kulijibu kunahitaji mtu atazamwe uchi, au alazimishwe kueleza utupu wake ili apewe godoro. Sisi tunajua ukaguzi wa mwili umetumika kwa nani. Wasichana wa shule wamepimwa mimba kwa lazima, wakatolewa darasani kwa majibu hayo. Bibi harusi wamekaguliwa shuka. Mkimbiaji Caster Semenya wa Afrika Kusini alichunguzwa jinsia yake huku dunia ikitazama akiwa na miaka 18, na waliofuata kubanwa na kanuni za riadha, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya, ni wanawake wa kutoka huku kwetu. Mlango wa nyumba salama ukishaanza kutumia ukaguzi, wa kwanza kuumia atakuwa mwanamke mrefu, mwenye ndevu kidogo, mwenye sauti nzito. Matroni, kwa heshima yake, alilikataa swali hilo kabla hata mwanasheria hajafungua mdomo.

Vancouver na London

Mtumishi mmoja alitaka kumaliza ubishi kwa simu. Alisoma kwamba Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua neno "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 lina maana ya aliyezaliwa mwanamke. Ni kweli iliamua hivyo, na ni ushindi ambao wanawake wengi wa huko waliupigania kwa miaka. Lakini majaji hao hao walisema sheria hiyo bado inawalinda waliobadili jinsia wasibaguliwe kwa hali yao hiyo. Sisi hatuna sheria inayotambua mabadiliko ya jinsia, kwa hiyo hatuna pia kesi ya kutafsiri sheria hiyo. Kuazima hukumu ya London hapa ni kuazima jibu la swali ambalo hatukuulizwa.

Kesi ya Vancouver, Kanada, iko karibu zaidi na nyumba salama, na ndiyo inayonukuliwa vibaya zaidi. Mwaka 1995 Kimberly Nixon, mwanamke aliyebadili jinsia, aliondolewa kwenye mafunzo ya washauri wa kujitolea katika kituo cha kuwasaidia waliobakwa, Vancouver Rape Relief, kilichoanzishwa 1973. Baraza la haki za binadamu la jimbo hilo, British Columbia, lilimpa ushindi mwaka 2002 na fidia ya dola 7,500. Mahakama ilitengua 2003, mahakama ya rufani ikathibitisha utenguzi huo 2005, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kuisikiliza. Kituo kilishinda. Mwaka 2019 halmashauri ya jiji ikakinyima ruzuku, na hilo nalo ni somo kwa anayedhani mahakama ndiyo mwisho wa maneno.

Nixon alitaka kuwa mshauri wa wanawake waliobakwa. Hakuwa amefika usiku na mkono uliovunjika. Haki ya wanawake kuchagua nani aketi nao wanaposimulia kubakwa naikubali bila kusita, na ningeikubali hata kama mahakama ingesema vingine. Haki hiyo hainipi jibu la nani atapata pa kulala leo. Vancouver kulikuwa na milango mingine ya kubisha. Dar es Salaam, mtu kama mgeni wetu akikataliwa pale getini, kilichobaki ni kaka zake, barabara, au kaunta ya polisi aliyoikimbia.

Hapa ndipo naona kikao kilipoteza saa mbili. Walikuwa wanabishana kama mgeni ni mwanamke, wakiamini kwamba jibu likipatikana kila kitu kitafuata. Lakini nyumba ile inatoa vitu vingi tofauti kupitia geti moja: kitanda bwenini, bafu, duara la ushauri nasaha, mwanasheria, mtu wa kukusindikiza hospitali, chakula, ukimya kuhusu mahali ulipo. Baadhi ya vitu hivyo vinapoteza thamani yake wanawake wasipokuwa peke yao. Vingine havipotezi chochote. Wakili anayemwandikia mtu malalamiko ya kupigwa na kaka zake hamnyang'anyi mwanamke wa bwenini kitu.

Nilichokikuta daftarini

Nilisoma daftari la mapokezi la miaka ya nyuma nikitafuta watu kama mgeni. Sikumkuta hata mmoja. Nilichokikuta, tena na tena, ni maneno "hakubaki, ana mtoto wa kiume mkubwa." Mama mmoja wa Mbagala alikuja na watoto watatu, wa kwanza mvulana wa miaka 14. Akaambiwa mvulana hataruhusiwa. Akasema hawezi kumwacha kwa baba anayempiga. Wakarudi wote wanne, usiku ule ule, kwenye nyumba waliyoikimbia. Hakuna kikao kilichoitishwa. Hakuna aliyebishana juu ya nadharia.

Hili limeniuma kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Wengi wao ni mama, na mama wa miaka 35 hapa kwetu anaweza kabisa kuwa na mtoto wa kiume mwenye sauti iliyokwisha kubadilika. Kanuni ya miaka 12 ina sababu: wanawake bwenini hawapumziki vizuri kijana wa kiume akiwa humo. Naiheshimu sababu hiyo. Lakini tumeacha gharama yake yote ilipwe na mama, na tumeilipisha kimya kimya.

Nyumba ile haikuwa na chumba cha pili. Ndiyo maana aliyetetemeka na aliyevunjwa mkono wakawekwa kwenye mizani moja, kana kwamba lazima mmoja akose.

Na aliyetetemeka alikosa kweli. Hakuna aliyemweleza chochote, si usiku ule wala asubuhi. Alisikia tu kwamba "yule" bado yuko ofisini. Siku ya pili akaondoka kwenda kwa shangazi yake Kibaha, na hakuwepo mahakama ya mwanzo shauri lake la talaka lilipoitwa, likaahirishwa. Wanaosema woga wake ulikuwa ubaguzi wakae kwanza na kilichomtokea. Mwili uliobakwa hausikilizi hoja unaposikia sauti usiku. Kosa la nyumba lilikuwa kumwacha peke yake na woga huo, na kosa hilo halimhusu mgeni.

Ufeministi huu ulianza kwa wanawake kuketi wachache wachache na kusema yanayowapata, wakiamini kwamba nadharia itatoka humo. Hata hapa Dar es Salaam semina za Jumatano za TGNP, mtandao wa masuala ya jinsia, pale Mabibo zimejengwa kwa imani hiyo. Iweje basi nyumba ya wafeministi iamue jambo hili juu ya vichwa vya wanawake waliolala humo? Nilipoketi na waliobaki, walikuwa wepesi kuliko wafanyakazi. Walitaka komeo la ndani kwenye mlango wa bweni. Walitaka kuambiwa mapema nani yuko ndani ya ua. Hawakutaka bafu la pamoja. Mmoja alisema, "Mimi sina neno naye, ila tusilale chumba kimoja." Mwingine, mama mtu mzima aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Apewe chumba. Waliompiga ni wale wale."

Kilichofanyika

Mgeni alikaa ofisini siku tatu. Mwanasheria alimsindikiza dawatini, akasimama naye kaunta, akahakikisha maelezo yanahusu kipigo na si kingine. PF3 ikatoka, mkono ukafungwa plasta hospitalini. Kaka mmoja aliitwa kuhojiwa. Kisha mama wa saluni akampatia mgeni pa kuishi kwa ndugu yake mkoani. Shauri dhidi ya kaka hao halijaenda mbali, na sitarajii makubwa.

Nyumba imegawa stoo iliyokuwa upande wa geti ikawa vyumba viwili vyenye choo na mlango wao. Kanuni mpya inasema bweni, bafu la ndani na duara la ushauri ni vya waliozaliwa wanawake na watoto wao wadogo. Vyumba vya geti ni vya mama mwenye mtoto wa kiume aliyezidi miaka 12, na vya mtu yeyote anayekimbia ukatili wa mfumo dume ambaye hawezi kulala bwenini, kwa siku saba, na wakazi wakishaarifiwa. Hakuna atakayeulizwa kuhusu mwili wake. Neno lake na la aliyemleta linatosha. Mama wawili wenye wavulana wameshapita humo.

Mwanasheria hakukubaliana na sehemu ya duara la ushauri. Anaona mgeni alihitaji kusema yaliyompata kama mwingine yeyote, na kwamba kumweka nje ya duara ni kumrudisha kwa kaka zake kwa mlango wa nyuma. Aliomba pingamizi lake liandikwe kwenye muhtasari, na limeandikwa. Mimi nilisimama na matroni katika hilo, kwa sababu niliwasikia wanawake wale na niliona yule aliyeondoka alipoteza nini. Mgeni alipewa mshauri wake peke yake. Kanuni itapitiwa tena baada ya mwaka mmoja, safari hii wakazi wakiwa na kura.